Ghala la Pareto

Ukumbi namba moja una milango mipana kupita haja.
Wageni huuliza. Ni ya malori, nawajibu,
hapa palikuwa ghala kabla hapajawa chuo.
Pareto ilishuka kutoka Umalila ndani ya magunia,
maua makavu, mepesi kama ahadi ya mnunuzi,
na mama yangu, Sekela Mwampashe, alipanga foleni
mimi nikiwa mgongoni, mizani ikiwa mbele.

Kilo kumi na mbili za nyumbani
zilifika hapa zikiwa kumi na moja na nusu.
Kila msimu. Nusu kilo ilipotelea njiani,
kati ya Mbalizi na kidole cha karani.

Bei ikaanguka. Ghala likafungwa.
Popo wakakaa miaka sita bila kulipa kodi.
Kisha akaja Mwalimu Kilasi na ubao mmoja,
wanafunzi arobaini na mmoja, madawati thelathini,
na barua yenye muhuri iliyosema: Chuo.
Waliokosa dawati walikalia magunia.
Mhadhara wa kwanza ulikuwa wa uchumi;
vumbi likaamka, wakapiga chafya mpaka saa sita,
mwalimu naye.

Vitabu tu ndivyo havikuhitaji bajeti ya ulinzi.
Vilipangwa kule nyuma, palipolala maua,
na unga uliobaki kwenye nyufa ukavichunga.
Mende alikuja, akanusa, akaghairi.
Hadi leo ukifungua kitabu cha rafu ya chini
shamba linakupanda puani, kali kidogo.
Mimi ndiye mkutubi. Najua.

Sasa tuko elfu sita. Tuna geti la umeme
linalofunguka umeme ukipenda.
Julai, baridi inateremka Loleza bila kitambulisho
na hosteli kitanda cha mmoja kinalaza wawili:
kubebana ni kosa, kifungu cha tisa.
Matroni Tweve hupita na tochi, anahesabu miguu,
akiona minne anakohoa, anakwenda zake.

Bumu likitoka, kwa Gwantwa hakuna pa kukaa,
chipsi mayai wiki mbili, na soda, na ahadi za ndoa.
Halafu chai ya rangi na kiazi kimoja.
Halafu chai ya rangi.
Halafu maktaba inajaa,
maana kusoma ni bure na ndani kuna joto.

Nawaona usiku wa mitihani wamelalia kurasa.
Ipyana, sapu mbili, anaogopa kudisko kuliko kufa,
mate yake yamelowesha sura nzima ya takwimu.
Simwamshi. Nazima taa ya upande wake.

Nami nilisoma humuhumu, darasa la jioni,
miaka saba kwa shahada ya mitatu.
Mwaka jana nikavaa joho juu ya miaka yangu arobaini na sita,
mama akawekwa kiti cha mbele.
Hakutazama jukwaa.
Alitazama kona ya kushoto, sakafuni,
matundu manne ya bolti palipofungwa mizani.
Jina langu likasomwa, vigelegele vikapigwa,
yeye bado anayatazama matundu.

Nikashuka, nikampa cheti.
Akakilaza kiganjani, akakipandisha, akakishusha
polepole, kama mtu anayekumbuka.
"Hiki," akasema, "walikipima ukiona?"
"Waliona wengi, mama."
"Na nusu kilo yangu?"

Watu walikuwa wanapiga picha. Pilau lilikuwa linapoa.
Nilimshika mkono, tukapita nyuma ya mapazia,
nikafungua maktaba kwa ufunguo wangu,
nikapiga magoti na joho langu lote
nikatoa kitabu cha rafu ya chini, sikutazama kipi,
nikamfunulia katikati.

Akakisogeza usoni. Hajui kusoma, mama.
Akavuta pumzi.
Akapiga chafya, mara mbili, machozi yakamtoka.

"Ndiyo hiyo," akasema.