Si Huyu

Saa tisa za usiku, Ulaanbaatar.
Nje, moshi wa makaa umelala juu ya theluji
kama blanketi lisilofuliwa.
Ndani, friji ya maabara inaguna peke yake.
Nafungua sahani nambari mia mbili na sita:
usaha wa paja la kushoto, mvulana, miaka minne,
wodi ya tatu, kitanda cha dirishani.

Jina lake Enebish.
Maana yake, kwa lugha yetu, Si Huyu.
Kaka zake wawili walitangulia kabla ya kuota meno,
ndipo bibi yake, Dulamsuren, akaamua kukidanganya kifo:
kikija mlangoni kuulizia mtoto
kiambiwe, si huyu,
kiende zake na baridi yake.

Sahani tumeitengeneza kwa damu ya kondoo.
Kondoo tunamjua: tumemla, tumemvaa,
sufu yake iliyogandamizwa ndiyo kuta zetu.
Sasa kijidudu nacho kinamla,
kimenenepa, kimekaa vishada vishada,
zabibu za rangi ya dhahabu
katika nchi isiyootesha zabibu.

Jana nilipanga juu yake vipande vya karatasi,
kila kimoja kimelowa dawa yake.
Dawa ikishinda, huacha duara tupu,
kama lile linalobaki nyikani
familia ikishahama na hema lake:
hapa palikaliwa, hapa hapajaota kitu.
Nikaweka rula.

Penisilini: majani yamefika hadi mlangoni. Si hii.
Sefoksitini: si hii.
Erithromaisini: si hii.
Klindamaisini: duara lipo,
ila upande mmoja limebonyea, kama mkate ulioegemezwa ukutani.
Inajifanya. Si hii.
Nikajisikia nakaribia kuita jina la mtoto kwa kila dawa.

Sikio la kufa halisikii dawa.
Hili si la kufa. Hili ni sikio la kuishi,
limefunzwa uziwi nusu kidonge kwa nusu kidonge:
kikohozi cha Oktoba, amoksilini ya sokoni iliyofungwa kwenye gazeti;
homa ya Desemba, vilivyobaki kwa jirani.
"Alipocheka nikaacha kumpa," aliniambia bibi.
"Dawa ghali, mwanangu. Vingine nikaweka."
Akiba haiozi, ndivyo sote tulivyomfundisha.
Nilitaka kumkasirikia. Nilikuwa na hasira tayari, mdomoni.

Lakini rafu ya chini kuna sahani nyingine kumi na tisa:
pua zetu sisi wafanyakazi,
tulizochokonoa kwa pamba Jumatatu, tukicheka, tukipiga chafya.
Mimi ndiye nitoaye damu wodi ya tatu.
Mimi ndiye niliyemshika Enebish mkono
na kumwambia haiumi.
Sahani ya kumi na moja: zabibu. Dhahabu.
Duara lilelile lililobonyea.
Nikaigeuza nisome jina,
ingawa mwandiko ni wangu.

Kikulacho, kumbe, kimo puani mwako,
na wala hakikuli wewe;
umekuwa njia tu, kinapita
kwenda kwa mwenye miaka minne.
Maduara kufanana hakuthibitishi kitu. Najua.
Nawafundisha hivyo wanafunzi kila mwaka.

Pembeni kabisa, karatasi ya mwisho: linezolidi.
Milimita ishirini na tisa.
Nikapima tena. Ishirini na tisa.
Nikapima kwa rula nyingine.
Stoo yetu haina. Lipo duka moja karibu na mto Tuul,
hufunguliwa saa nne.

Kwenye fomu kuna mstari: *Chanzo kinachodhaniwa.*
Miaka kumi na miwili nimeuacha wazi,
na uwazi ule ulisema kwa niaba yangu, si huyu.
Nikaandika herufi zote: Khandmaa.
Nikanawa mikono hadi viwikoni,
kisha nikampigia simu mwenye duka,
nikaiacha ilie mpaka akaamka.