Ovasaiti

Ripoti ililetwa saa tatu, katika bahasha ya kaki,
kurasa kumi na tisa, na elfu mbili za kianzio.
Itie Kiswahili, alisema tarishi, wafiwa wanataka kuisoma.
Ofisi yangu iko Barabara ya River, ghorofa ya tatu,
juu ya duka la nywele bandia. Nikafunga dirisha.

Ukurasa wa kwanza: Kamati ya Ovasaiti
ilizuru jengo la Pipeline mara nne.
Nikaandika, Kamati ya Usimamizi.
Kalamu haikusita.

Ukurasa wa kumi na moja: nguzo ya sita haikutiwa nondo
kwa sababu ya ovasaiti.
Hapo chai yangu ikapoa.

Neno lile lile, viatu vile vile!
Asubuhi limevaa kofia ngumu ya njano,
linapanda ngazi, linagonga zege kwa kifundo cha kidole;
jioni limesimama mbele ya maiti,
mikono nyuma: lo, lilinipita.
Lilipokea marupurupu kwa kutazama,
sasa linaomba radhi kwa kutotazama,
na sahihi ni moja.

Nilijaribu kughafilika.
Neno safi mno, limetoka kutawadha.
Nilijaribu kupitiwa,
lakini mtu hupitiwa na usingizi,
hapitiwi na nguzo ya futi ishirini.
Uzembe ulikuja wenyewe, ukaketi mezani,
ukanikazia macho.
Nikaufuta. Wakili ningemlipa nini?

Nikampigia Syombua.
Muthiani wake alikuwa akipiga plasta ghorofa ya pili
siku ile zege lilipokumbuka uzito wake.
Nikamweleza: mama, kuna neno hapa
lenye maana ya kuona na ya kutoona.
Akanyamaza, nikasikia sufuria ikichemka kwake.
Kisha akauliza:
na walipopokea pesa, walikuwa kwenye maana gani?

Nilitaka kukicheka Kiingereza,
nikose usingizi kwa hila za watu wengine,
hadi nikakumbuka kwamba mgonjwa tunampa dawa
na panya tunamwekea dawa;
kwamba jirani akisema aliazima jembe
sharti uulize limelala kwa nani.
Nikarudi ukurasa wa kwanza, kwa neno langu la haraka.
Usimamizi. Nikalipasua kama embe bichi.
Simama.

Jengo limesimama: liko wima, njooni mpange.
Ujenzi umesimama: mafundi wamekwenda, mchanga unaota majani.
Saa ya ukutani kwangu imesimama tangu Aprili
na imesimama vizuri, haijawahi kuanguka.

Basi ukurasa wa kumi na moja nikaandika
maneno mawili tu:
usimamizi ulisimama.

Tarishi alisoma akiwa mlangoni, kidole chini ya mstari.
Akatikisa kichwa, akaridhika.
Umesema vyema, mwalimu. Ulisimama. Imara.

Syombua alisoma Jumapili, kwenye ngazi za nje,
miwani ya marehemu puani, mkono mmoja haupo.
Alisoma polepole, akarudia.
Ndiyo, akasema. Ulisimama.
Akakunja karatasi mara nne, akaitia kifuani.

Kamati imeomba nakala sita zaidi.
Salio langu bado hawajalipa.
Wanasema limewapita.