Nyuzi Arobaini na Mbili

Mama hukaanga mgongo wazi pale Obunga,
karai jeusi, mafuta yakimtukana tangu alfajiri.
Mimi bintiye, ng'ambo ya barabara ya Kakamega,
hupasha seli moto ndani ya maji:
nyuzi arobaini na mbili, saa nzima.

Nyuzi ni kipimo. Nyuzi pia ni nyuzi.
Protini ni uzi uliokunjwa ukatulia;
joto likizidi, mkunjo hulegea,
uzi ukashikana na uzi ovyo ovyo
kama ute wa yai: ukishakuwa mweupe
haurudi tena.

Hapo huingia wapambe.
(Vitabuni wana namba tu, sabini, tisini.)
Hawaulizi harusi ya nani.
Hushika pindo, hukunja upya,
tulia mwenzangu, tulia,
mpaka homa ipite.

Ila si kila nyumba huokoka.
Mwaka ule vibanda viliposhika moto
Nyagudi hakutoka na godoro
wala pesa za chama.
Alitoka na kifuniko cha mtungi
akakipitisha puani mwa vijana wa zamu:
Nuseni. Hili halikuwa jiko.

Seli ikipasuka, mpambe naye hutoka hivyo,
kiganjani kipande cha adui,
akimtafuta mlinzi mwenye mikono mingi.
Mlinzi hukibeba hadi kwenye tezi
akawaonyesha askari wasiowahi kuona vita.

Ningependa kuishia hapo.
Lakini usiku ule walimpiga pia Ogwang'
kwa kuwa shati lake lilinuka petroli.
Alikuwa akiuza petroli, kwa chupa, kwa wenye pikipiki.
Mpaka leo anachechemea.
Na mpambe wa kijidudu na mpambe wetu
wanafanana mno sura;
askari akikosea, huvamia kwao.

Juzi malaria ilimlaza Mama.
Kipimajoto kikasoma thelathini na tisa na nusu.
Nikakaa kitandani, dawa mkononi,
nikaanza kumweleza habari za wapambe.
Akanisikiliza jasho likimtoka,
akageuza mto upande wa baridi.
"Kwa hiyo ndani yangu kuna watu wanafanya kazi?"
Wapo, Mama.
"Wamekula?"

Kisha akauliza nani analiangalia karai.