Kuwasha, Matawi Saba

Tawi la Makambako lilifungua saa tatu kasorobo,
na kufuli halikuwa na kosa.
Atupele alikuwa ndani tangu saa moja, koti hadi masikioni,
wakulima kumi na wanne nje, wanasubiri mbolea,
na skrini nne nyeusi
zikiuliza swali lile lile: mimi ni nani leo?

Hazina diski hizi. Ndivyo nilivyomuuzia bosi:
hakuna cha kuharibika, hakuna cha kuibwa,
umeme kidogo, hata feni hazina.
Sikumwambia kwamba kila asubuhi zinaamka
kama mtu aliyesahau jina lake
na lazima awepo wa kumwita.

Mwita yuko Mwanjelwa, chumba cha nyuma,
seva moja juu ya kreti, kando ya magunia ya mbegu.
Jana greda lilikuwa linachonga mtaro Igawa,
likang'oa waya kama mzizi wa muhogo.
Sauti haikufika Makambako.
Atupele akatoa daftari.

Kuwasha. Neno moja tu tunalo:
jiko, taa, gari, kompyuta,
hata upupu huwasha.
Nilipokuwa mdogo kule Matamba
mimi ndiye niliyetumwa kuomba kaa la moto kwa jirani.
Nalibeba kwenye kigae, napuliza njiani, vidole vimekufa ganzi,
na siku ambayo mvua ilinikuta mtelemkoni
nilifika nyumbani na jivu, nikachapwa.
Kiberiti kilikuwapo, kwenye pindo la khanga ya mama,
lakini kila njiti ilihesabiwa.
Akikumbuka, usiku alifukia gogo majivuni.
Asubuhi ni kufukua tu.

"Andika ukurasa mmoja," alisema Bi Gwantwa.
"Chagua namna moja. Iwe rahisi."

Flashi ni kiberiti. Nilijaribu Tunduma:
kila mashine na yake, nyuma, kidogo kama punje.
Wiki ya pili moja ikapatikana kwenye redio ya bajaji
inaimba kwaya.
Zilizobaki zilikuwa na bei ya mwezi wa pili,
na mteja aliyesoma bei hiyo kwenye skrini
hakukubali nyingine, na alikuwa na haki.
Kuzibadilisha zote ni mimi, begi, na basi la saa kumi na moja alfajiri.

Gogo ni seva ndogo katika kila duka:
inapokea mapya usiku, laini ikiwa imelala,
asubuhi inaamsha wenzake bila kuuliza Mbeya.
Lakini gogo lina bei.
Na vumbi la mbolea linakula chuma,
na Tukuyu panya walishakula waya, wakaacha mahindi.

Niliandika kurasa tatu.
Uyole na Mbalizi waendelee kuomba moto Mwanjelwa;
ni jirani, na laini zao hazijawahi kukatika
zaidi ya muda wa chai.
Makambako, Tunduma, Tukuyu: gogo, kwenye kabati lenye wavu.
Chunya, penye mashine moja na mhudumu mmoja,
kiberiti, ndani ya kasha, skurubu nne na gundi.

Bi Gwantwa alisoma huku akihesabu kwa kalamu.
"Nilisema moja."
Nikamwambia mvua ya Tukuyu na vumbi la Chunya
havijawahi kukaa kikao kimoja.
Akanyamaza. Akakata kabati la Tukuyu, akabakiza wavu.
Akasaini.

Leo saa moja na dakika nane simu imetetemeka.
Atupele: *Zimewaka zote nne. Mtandao hakuna tangu usiku.*
Halafu, kabla sijajibu:
*Daftari nitupe?*

Nilitazama dirishani. Loleza hauonekani, ukungu mtupu.
*Hapana,* nikaandika.
*Na ile kalamu, ifunge kwa uzi.*