Kitanda cha Nne

Msimguse kwanza. Simameni mtazame
mabega yake yanavyopanda kila anapohema,
kama mtu anayeinua ndoo tusiyoiona sisi.
Tazameni kucha: zimevimba, zimepinda kama migongo ya vijiko.
Pumzi zihesabiwe dakika nzima,
si nusu dakika halafu mzidishe kwa mbili;
uvivu huo, hapa Bytom, umetuzikia watu.

Sasa mgongo. Avute hewa kwa mdomo wazi.
Chini kabisa, kulia na kushoto, pumzi ikikaribia kujaa,
kuna mchakarisho mwembamba.
Shika nywele zako juu ya sikio, zisugue kwa vidole:
ndio huo. Hauondoki akikohoa.

Mwaka jana niliwauliza wenzenu: ana nini huyu?
Wakajibu kwa mpigo, kama kwaya:
vumbi la makaa.
Wangesema nini kingine?
Miaka ishirini na sita chini ya ardhi,
baba yake alikufa nalo, kaka yake alikufa nalo,
na ndani ya faili madaktari watatu walishaliandika
kwa mwandiko uleule wa haraka.
Wa tatu ni mimi.

Bogna, binti wa mwoka mikate, alikuwa hajajibu.
Alivuta kiti, akakaa, akamwuliza mzee:
Ukiamka, unafanya nini?
Nawalisha.
Kina nani?
Basi Ewald Pytlik, aliyekuwa akibana maneno
kwa kuwa kila neno lilimla hewa,
akayamwaga yote siku ile. Iskra. Cesarka. Bura,
aliyeruka toka Ubelgiji akafika kabla ya giza.
Njiwa thelathini na wanane darini, juu ya jiko,
na yeye kila Jumamosi akiwakwangulia kinyesi kwa mwiko wa mwashi.
Jumamosi jioni homa. Jumapili kanisani hayupo.
Na kule Gdynia kwa binti yako?
Kule, akasema, nilipanda ngazi.

Mficha maradhi kifo humwumbua, tunasema.
Huyu hakuficha. Hakuulizwa.

Tukapiga picha ya tabaka kwa tabaka:
ukungu, kama kioo kilichohohewa,
na kati yake mabaka meusi, hewa iliyoingia ikakosa njia ya kutoka.
Tukaosha pafu kwa maji ya chumvi; maji yalirudi
na limfosaiti zaidi ya nusu ya seli zote.
Damu ikawa na kingamwili za njiwa.
Vumbi lilikuwamo, ndiyo, madoa machache huko juu.
Lilikuwa shahidi. Tulikuwa tumelifunga kama mwuaji.

Nikampa prednisoloni, nikaipunguza polepole.
Ila dawa yenyewe haikuwa ya kumeza.
Uza njiwa, nikamwambia.
Alinitazama kama niliyemwambia amwuze Truda.

Akawauza, kwa mtu wa Opole, kilomita themanini.
Jumanne walikuwa juu ya paa, wote.
Nimesoma mapafu miaka thelathini
na sikukumbuka kwamba njiwa wa mashindano
hufunzwa jambo moja tu, kurudi.

Wakauzwa tena, mbali zaidi, wakafungiwa wazaliane huko.
Truda akapigilia mbao kwenye tundu la dari,
akapaka chokaa, akachoma mazulia.
Majira ya joto yote Ewald alitembea hadi sokoni
na kurudi na viazi vyake mwenyewe.

Kisha Bura akatoroka.
Sijui alipitia wapi. Novemba, mvua ya barafu,
akatua kwenye kizingiti cha jikoni, akagonga kioo kwa mdomo.

Kwa hiyo msimkaripie.
Andikeni ujazo wa pumzi: asilimia hamsini na nane.
Andikeni oksijeni, dawa, kipimo, saa.
Pale palipoandikwa "sababu ya kurudi wodini"
msiandike ukaidi, wala msiandike umri.
Andikeni: alifungua dirisha.