Akrabu

Barua imefika Jumanne, pamoja na bili ya maji.
Idara ya Forodha. Jina langu lote,
Ghislaine Marthe Calame, hata lile la kati
ambalo tangu ubatizo hajaniita mtu.

Kifurushi kimezuiliwa Zurich, wanasema.
Gramu mia moja na tisini.
Yaliyomo: saa ya mkono, moja, inayoshukiwa kuwa bandia.
Nina siku kumi za kupinga.
Nikinyamaza, kimya changu kitahesabiwa ridhaa
na saa itasagwa.

Siku kumi. Nimezihesabu kwa vidole,
vidole hivi hivi vilivyokaa miaka thelathini na minne
kwenye meza ya kiwanda, dirisha la kaskazini,
vikizivika saa akrabu zake:
ya saa, ya dakika, kisha ile nyembamba ya sekunde
inayotaka uzuie pumzi usije ukaipeperusha.
Mia mbili kwa siku. Zidisha mwenyewe.
Hakuna hata moja iliyolala mkononi mwangu.
Bei ya moja ilikuwa mshahara wangu wa miezi saba,
na jioni, mlangoni, walitupekua mifuko.

Basi nikaagiza ya uongo.
Faranga mia na kumi, usafirishaji bure.
Usinitazame hivyo.
Sikutaka kumdanganya mtu; ningeivaa jikoni
nikimenya viazi.

Loïc, mjukuu wangu, alisoma sheria mihula miwili
kisha akahamia mapishi, na anajua sasa
kwamba rahisi huvunja upishi.
Bibi, ananiambia, hawafungi mtu kwa saa moja.
Ya kuvaa mwenyewe wanaichukua tu.
Ungeleta kumi, ungekuwa mfanyabiashara.
Ungemuuzia jirani ukaapa ni halisi, huo ni ulaghai.
Nikamuuliza: na gharama za wakili wao?
Akakuna kidevu.
Hilo, akasema, inategemea.
Ndilo neno pekee alilotoka nalo chuoni.

Usiku hiyo "inategemea" inatembea darini kama panya.
Namba ya kadi yangu iko kwa nani sasa?
Jina langu limeingia daftari gani,
na nikienda kumwona dada yangu Pontarlier,
kijana wa mpakani atabonyeza kitufe aone nini?
Huko ng'ambo, anasema Huguenin wa ghorofa ya pili,
mtu alivuliwa saa stesheni, watu wakitazama,
akatozwa faini iliyoipita bei ya ile halisi.
Huguenin hutia chumvi.
Lakini hutia kwenye chakula kilichopo.

Siku ya sita, barua nyingine. Ya mawakili.
Karatasi nzito, rangi ya maziwa,
na pale juu, pembeni, nembo.
Niliijua kabla ya kuvaa miwani.
Ilikuwa kwenye hati zangu za mshahara, kwenye aproni,
kwenye kikombe cha kustaafu
kilichokatika mpini mwaka wa kwanza.
Wanasema nimeivunjia kampuni haki zake.
Mimi.
Hawajui, bila shaka. Kwao mimi ni anwani.

Akrabu: jina moja na nge.
Nimezishika maelfu kwa koleo, salama,
na ikanidunga hii ambayo sijaigusa.

Leo, siku ya tisa, saa nne asubuhi,
nimetia alama kwenye kisanduku: NAKUBALI IHARIBIWE.
Mkono haukutetemeka. Haujawahi.
Chini palibaki mistari mitatu ya maelezo mengine,
nikaijaza yote:

"Kabla hamjaisaga, iwekeni saa sita kamili.
Kwenye picha niliona akrabu ya dakika
imepita alama kwa unywele mmoja.
Mimi nisingeiacha itoke mezani."

Nikatia saini.
Na chini ya saini, sijui kwa nini,
namba yangu ya kiwandani.