Paache Hapo

Barabara ya Kirinyaga, saa nne, mabati yameanza kulia kwa joto.
Mutinda anapanga mikebe juu ya boneti ya Pijo:
nta ngumu, nta ya maji, dawa ya kuzuia jua.
"Rangi ni ngozi," asema, "bali mpira wa mlango ni kope.
Ukiupaka grisi utavimba, utalegea,
na mvua ya Aprili itakukuta umekalia dimbwi."

Baba alitumia mafuta ya kupikia.
Kila Jumamosi, Buruburu, fulana kuukuu mkononi,
magurudumu yaking'aa kama viatu vya askari
hadi mbwa wa jirani wakaja kuyaramba.
Hakuna aliyemwambia.

Nachukua silikoni ya mipira, kopo dogo, mia saba.
Nachukua nta ngumu, maana naegesha chini ya mjakaranda
na maua yake yananata paani kuliko deni.

Mutinda anapaka, anazunguka, anafika dirisha la dereva.
Pale ukingoni rangi imekwisha,
kipande cha ukubwa wa kiwiko.
"Hapa patahitaji msasa kwanza."

Namshika mkono.
Paache hapo.

Ananitazama, anafunga kopo,
ananipunguzia hamsini bila kuombwa.